Picha Isiyo na Mwenyewe



Kila Marekani inapokaribia uchaguzi, sisi tulioko huku hukutana tena na zile picha: vijusi vilivyokatika, damu, vidole vidogo, vyote vimekuzwa na kubandikwa kwenye mabango na ubavuni mwa malori, na pengine kukokotwa angani na ndege. Na kila zikija, mabishano yetu hushika njia ile ile. Mmoja anasema huu ni ukatili wa macho. Mwengine anajibu kwamba ukweli ndivyo ulivyo, wa kuumia na aumie. Wa tatu anauliza nani karuhusu vitu kama hivi mbele ya skuli ya watoto. Halafu tunanyamaza mpaka uchaguzi mwengine. Leo nataka tuzihakiki picha hizi kama tunavyohakiki matini yoyote: zimeundwaje, zinadai nini, zinasema na nani, na ushahidi wake umesimama juu ya nini. Nimefundisha balagha chuoni kwa miaka mingi, na sioni kwa nini bango lisipite kwenye chekeche lile lile tunalopitishia hotuba ya mwanasiasa.

Niseme mapema, nisije nikashikwa pabaya: siandiki kuamua kama kutoa mimba ni halali au haramu. Humu tumo Waislamu, Wakristo na wasiofuata dini, na kila mtu ana mizani yake. Ninachokihukumu ni njia, si lengo. Na hukumu yangu naitoa hapa hapa mwanzo, msinisubiri mpaka mwisho: kosa la picha hizi si kwamba zinatisha. Kosa lake ni kwamba zinatoa ushahidi bila ya shahidi. Ni picha zisizo na mwenyewe.

Kwanza tujue tunazungumzia nini khasa. Shirika linalojulikana zaidi kwa kazi hii ni Center for Bio-Ethical Reform, lililoanzishwa California mwaka 1990 na Gregg Cunningham, aliyewahi kuwa mbunge katika jimbo la Pennsylvania. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika hilo lilianza mradi wa kuzunguka vyuo vikuu, waliouita Genocide Awareness Project. Mabango yake ni makubwa kumpita mtu, na mengi yamepangwa kwa ulinganisho: upande mmoja maiti za kambi za Wanazi, upande mwengine Mmarekani mweusi aliyenyongwa na kundi la wahuni, na kando yao kijusi. Njia hiyo imevuka bahari. Uingereza kuna tawi lake, na Canada kuna ndugu zake wa fikra. Mwaka 2019 mabango ya namna hiyo yalisimamishwa Walthamstow, London, kumlenga mbunge Stella Creasy, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito. Kampuni ya mabango ikaomba radhi na kuyaondoa.

Sasa, hoja nyingi zinazotolewa dhidi ya mabango haya ni dhaifu, na sisi wasomi tusizikumbatie kwa sababu tu zinatupendeza. Ya kwanza ni kwamba yanakera. Kweli yanakera. Lakini kama kukera kungekuwa sababu ya kufunika picha, basi tungelifunika na picha ya yule mtoto wa Vietnam aliyekuwa akikimbia uchi barabarani mwezi wa Juni 1972, ngozi imeungua kwa napalm. Na wangapi kati yetu wametuma kwa marafiki picha za watoto waliouawa vitani, wakisema "tazameni, msigeuze uso"? Huwezi kudai haki ya kuonyesha maiti zinazounga mkono hoja yako, kisha ukaita uchafu maiti za hoja ya jirani yako.

Ya pili ni kwamba sheria iyakataze. Marekani hoja hiyo imeshafika mahakamani, na imepata majibu zaidi ya moja. Mwezi wa Machi 2003 lori la shirika hilo lilizunguka nje ya skuli ya watoto karibu na Los Angeles, na maafisa wa sheria wakawazuia wenye lori. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ikaamua kwamba hasira za watazamaji si sababu ya kumnyamazisha msemaji. Mahakama hiyo hiyo, mwaka 2006, ilikuwa imekubali marufuku ya Honolulu ya ndege kukokota mabango angani, na huko Colorado mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilikubali kuwekewa mipaka picha za kutisha mbele ya watoto wa kanisani. Uingereza wamechukua njia nyengine: tangu tarehe 31 Oktoba 2024, England na Wales zina eneo la mita 150 kuzunguka kliniki ambamo ni kosa kumshawishi au kumzuia mwanamke anayeingia. Kila nchi na desturi zake. Lakini hakimu anaamua tu kama bango lisimame au liondoke. Hatuambii kama linasema kweli. Hiyo ni kazi ya mhakiki.

Basi tuwasikilize wenyewe. Hoja yao kubwa ni ya historia, na si hoja ya kijinga hata kidogo. Wanasema hakuna dhulma iliyokwisha mpaka ilipoonekana. Wanataja mchoro wa meli ya watumwa iitwayo Brookes, uliosambazwa Uingereza kuanzia mwaka 1788. Wanataja picha za Lewis Hine za watoto wa viwandani. Na wanamtaja Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwezi wa Agosti 1955. Wanasema: sisi tunafanya walichofanya hao, mnatuchukia kwa sababu mwaka huu dhulma ni yenu.

Haya, na tuwafuate kwenye mifano yao wenyewe, moja baada ya mwengine.

Mchoro wa Brookes haukuja peke yake. Ulikuja na vipimo: urefu na upana wa kila chumba, na jinsi watu 454 walivyoweza kupangwa kama samaki kwa mujibu wa sheria iliyokuwa imetoka punde, pamoja na maelezo kwamba meli hiyo hiyo iliwahi kubeba zaidi ya 600. Aliyetaka kubisha alikuwa na namba za kubishia. Lewis Hine, aliyeajiriwa na National Child Labor Committee mwaka 1908, alikuwa akiingia viwandani kwa hila, na mkono mfukoni akiandika jina la mtoto, umri wake, kazi yake. Urefu wa mtoto aliupima kwa vifungo vya kizibao chake. Picha zake bila ya maelezo yale ni watoto wachafu tu wamesimama kando ya mashine.

Emmett Till je? Huyu ndiye anayetajwa sana, na ndiye anayewaangusha zaidi. Nani aliamua dunia iuone uso ule? Mamake, Mamie Till. Yeye ndiye aliyesema jeneza liachwe wazi Chicago, watu wapite waone alivyofanywa mwanawe, na akakubali gazeti la Jet lichapishe picha mwezi wa Septemba 1955. Watu waliopita pale walijua huyu ni nani, katoka wapi, kauawa wapi na lini, na mfiwa alikuwa amesimama pembeni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi ndiye aliyesema: tazameni. Hata hivyo wauaji waliachiwa huru mwezi ule ule na baraza la wazee wa mahakama, wote wanaume wa kizungu. Picha haikumfunga mtu. Ilichofanya ni kumpa nguvu mtu aliyekwisha kuwa na ushahidi.

Tuongeze mifano miwili ambayo hawaitaji sana. Mwaka 1916 kijana mweusi, Jesse Washington, aliuawa hadharani kwa kuchomwa moto huko Waco, Texas, na mpigapicha wa mji akapiga picha na kuziuza kadi za kumbukumbu. Fikirini: picha ile ile ilikuwa zawadi mkononi mwa muuaji. Kilichoigeuza kuwa ushahidi ni kazi ya chama cha NAACP, kilichompeleka Elisabeth Freeman mpaka Waco kuuliza majina, saa, mahali, nani alisimama wapi. Ndipo W.E.B. Du Bois alipoyatoa yote, picha na maelezo, katika gazeti la The Crisis mwezi wa Julai mwaka huo. Picha haikubadilika hata nukta. Iliyobadilika ni hati iliyofuatana nayo.

Mfano wa pili uko karibu na kwetu. Mwezi wa Mei 1904, huko Baringa katika Kongo ya Mfalme Leopold, mtu aitwaye Nsala alimwendea mmisionari Alice Seeley Harris akiwa amebeba mkono na mguu wa bintiye, Boali, mtoto wa miaka mitano, aliyeuawa na askari wa kampuni ya mpira. Harris akampiga picha Nsala amekaa barazani, akivitazama vile viungo. Hebu itazameni tena picha ile wenyewe. Viungo ni vidogo, vimewekwa chini, karibu huvioni. Kinachojaza picha ni baba. Mwenye maiti yumo ndani ya fremu, na ni yeye aliyekuja na khabari. Picha hiyo ilizungushwa Uingereza na Marekani katika mihadhara ya taa, ikaisaidia harakati iliyomfanya Leopold aikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908.

Kwa hiyo historia wanayoitaja inasema kitu chengine kabisa. Haisemi "onyesha tu, watu watabadilika". Inasema: onyesha, na useme huyu ni nani, wa wapi, lini, kwa mkono wa nani, na nani amekupa ruhusa.

Mabango yao yamefika pia katika chuo ninachofundisha, mwaka 2009, na nikayasoma yote kwa nafasi. Pale uwanjani alikuwepo mama mmoja wa Kirundi, mfanyakazi wa usafi. Ni mmoja wa wale wakimbizi wa mwaka 1972 waliokaa Tanzania miaka mingi kisha wakaletwa Marekani kuanzia 2006 na 2007, na Kiswahili chake cha kambini kilikuwa kitamu. Alisimama mbele ya bango la maiti za Wanazi, ufagio mkononi, akatazama kwa muda mrefu kuliko wanafunzi wote. Kijusi hakukitazama sana. Akaniuliza: "Mwalimu, hawa ni watu wa wapi?" Nikamwambia ni Wayahudi, waliuawa Ulaya zamani. Akauliza tena: "Na ndugu zao wanajua kuwa wamewekwa hapa?" Sikuwa na la kumjibu, na nilipomwendea kijana aliyekuwa akigawa vipeperushi nikamuuliza swali lile lile, naye hakuwa nalo. Vitabu vyote vya nadharia ya picha nilivyowahi kusomesha havijaliuliza swali kwa ufupi ule.

Nawaachia wapinzani wangu hoja yao iliyo bora, maana haifai kubishana na iliyo dhaifu. Watasema: "Kijusi hakina mfiwa. Jamaa zake ndio waliokitoa. Kama hatusemi sisi wageni, atasema nani?" Hii ni hoja nzito, na mtu aaminiye kwamba kijusi ni mtu kamili hawezi kuiacha. Lakini tazameni inatupeleka wapi. Mahakamani, mtu asiye na jamaa hadaiwi ushahidi mdogo. Na kwa maoni yangu anastahili mkubwa zaidi, kwa sababu hakuna wa kumsahihisha msemaji. Kama mgeni ndiye msemaji pekee, basi ni juu yake kutuambia picha ilipigwa wapi, mwaka gani, na nani. Mimba ilikuwa ya wiki ngapi, na nani alizihesabu. Ilitolewa au iliharibika yenyewe. Na mwili ule ulizikwa wapi.

Na wapo miongoni mwao waliofanya hivyo, haki yao tuwape. Monica Migliorino Miller, msomi wa theolojia, alitoa kitabu mwaka 2012 akieleza jinsi yeye na wenzake walivyovichukua vijusi kutoka kwenye mapipa na mapokezi ya mizigo ya maabara katika jimbo la Illinois miaka ya 1980, wakavipiga picha, kisha wakavizika. Uwe naye au usiwe naye, yule ametoa ushahidi: kaweka jina lake, mahali na wakati, na unaweza kumhoji. Tatizo ni kwamba bango la barabarani linaivua picha nguo hizo zote. Linabaki na damu, neno moja kubwa, na idadi ya wiki ambayo mpita njia hana pa kuihakikisha.

Kukosekana kwa hati kunazaa matatizo ya kweli, si ya kinadharia. Mwaka 2015 kikundi cha Center for Medical Progress kilitoa video zilizotikisa siasa za Marekani. Katika mojawapo ilitumika picha ya mtoto ambaye watazamaji walimdhania ametolewa. Kumbe ni mtoto wa mimba iliyoharibika yenyewe, na mamake ndiye aliyekuwa amemweka mtandaoni kama kumbukumbu ya msiba wake. Yaani picha ilikuwa na mwenyewe, tena mwenye uchungu, na ikatumika kama isiyo na mtu. Na msidhani hila hii ni ya upande mmoja au ya juzi. Mwezi wa Aprili 1965 gazeti la Life lilichapisha picha za Lennart Nilsson za maisha kabla ya kuzaliwa, na wengi mpaka leo wanaamini wanatazama vijusi hai vinavyoelea tumboni. Nyingi zilikuwa za vijusi vilivyokwisha kutolewa tumboni. Picha iliyoufundisha ulimwengu kuona uhai ilikuwa, kwa sehemu kubwa, picha ya maiti. Jicho peke yake halina uwezo wa kutofautisha.

Kuna na la kipimo. Katika baadhi ya picha za mabango wameweka sarafu kando ya kijusi, ili ukubwa wake ujulikane. Ni uungwana mzuri. Lakini bango likishakuzwa, sarafu ile imekuwa kama sinia, na jicho halisomi tena sarafu, linasoma mtoto. Kwa hesabu ya wakunga, inayoanzia hedhi ya mwisho, kiinitete cha wiki nane hakifiki sentimita mbili. Takwimu za taasisi ya afya ya Marekani, CDC, za mwaka 2021 zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mimba zilizotolewa zilikuwa hazijapita wiki 13, na zilizofika wiki 21 au zaidi hazikutimia asilimia 1. Tena mwaka 2023, kwa hesabu za taasisi ya Guttmacher, zaidi ya nusu zilitolewa kwa vidonge. Mtetezi wa uhai atasema udogo hauondoi utu. Sawa. Hiyo ni hoja ya maadili, inasimama kwa miguu yake na inastahili kujibiwa kwa hoja. Lakini bango halikusema hivyo. Bango limesema: hivi ndivyo ilivyo. Na mara nyingi sivyo.

Kubwa zaidi kwangu ni kile kisichokuwemo. Mtazame Nsala, mtazame Mamie Till: mzazi yumo. Katika bango la kijusi, mama amekatwa akatolewa nje ya fremu. Hatumjui kama alikuwa mgonjwa, alibakwa, alilazimishwa na mume, au aliamua tu. Aliyelipanga bango amempunguza akawa mahali palipotoka ile nyama. Halafu wanawake wanaopita pale chuoni, na miongoni mwao wamo waliotoa na wamo waliopoteza mimba walizozitaka, wote wanapigwa na picha moja. Aliyeporomokwa na mimba mwezi uliopita hana bango la kumwambia kwamba si yeye anayekusudiwa.

Ngoja tuulize la mwisho la kihakiki: zinabadilisha maoni? Wenye mabango wana ushahidi mmoja mzuri. Mwezi wa Novemba 1972 wapiga kura wa Michigan waliulizwa kama kutoa mimba kuruhusiwe, na karibu asilimia 61 wakakataa, baada ya kampeni iliyosambaza vipeperushi vya picha kama hizi. Tuliandike hilo. Lakini tazama muda mrefu. Gallup wamekuwa wakiwauliza Wamarekani suala hili tangu 1975, na miaka yote hiyo kundi kubwa kabisa, nusu ya watu au karibu yake, ni wale wanaosema iruhusiwe kwa masharti fulani. Miaka 50 ya picha, na katikati hapajahama. Ushindi mkubwa wa watetezi wa uhai, hukumu ya Juni 2022, uliletwa na majaji, si na barabara. Na barabara ilipoulizwa baadaye, Kansas mwezi wa Agosti 2022 watu asilimia 59 walikataa kuondoa kinga ya haki hiyo katika katiba yao, na Ohio mwaka 2023 asilimia 57 wakaiingiza katika katiba. Hayo ni majimbo ya kihafidhina, si California.

Mtasema hayo ni mambo ya Wamarekani, yanatuhusu nini? Basi twende Nairobi. Mwezi wa Mei 2004 vijusi 15 vilikutwa vimetupwa kando ya barabara ya Mombasa, pamoja na makaratasi yaliyotaja kliniki moja. Picha zikaenda kwenye magazeti na televisheni. Vikafanyiwa ibada na kuzikwa hadharani. Nchi ililia, na haikosi haki ya kulia. Lakini kabla machozi hayajakauka, daktari mmoja na wauguzi wawili walikuwa wameshitakiwa kwa mauaji, shitaka lisilo na dhamana wakati ule. Walikaa rumande takriban mwaka mzima. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ikawaachia, kwa kuwa upande wa mashitaka haukuweza kuwaunganisha na vijusi vile. Nani aliviweka pale? Mama zao ni nani? Vilitolewa au viliporomoka? Picha iliyoonekana na nchi nzima haikujibu hata swali moja, na kwa kuwa ilionekana na wote, wengi hawakuona haja ya kuuliza. Watu watatu walilipa mwaka wa maisha yao kwa sababu ya picha isiyo na mwenyewe. Miaka sita baada ya tukio lile, Katiba ya 2010 ikaandika katika ibara ya 26 kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na hapo hapo kwamba mimba yaweza kutolewa pale maisha au afya ya mama iko hatarini. Maneno hayo yalipatikana kwa kubishana kifungu kwa kifungu, kikao kwa kikao.

Sisi tuna urithi wa kufikiria jambo hili, na sioni kwa nini tuuache mlangoni tukiingia chuoni. Wahenga wamesema macho hayana pazia, yaani kila kilicho wazi kitatazamwa. Ndiyo maana mwanadamu akapewa kazi ya kuweka pazia. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha akitoka chumbani hasimulii. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa sana pwani kwetu, kijusi kilichotimiza miezi minne huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa. Wakristo wetu nao wana mazishi yao ya heshima. Sasa hebu fikirini. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba kile kilicho kwenye bango ni mtu kamili, je, anamfanyia yanayomstahili mtu? Angekuwa ni mtoto wa dada yake, angemzungusha uchi juu ya lori kwa miaka 20? Emmett Till alionyeshwa siku chache, kwa idhini ya mama, kisha akazikwa. Kijusi cha bango hakizikwi. Kinahifadhiwa stoo, kinangojea uchaguzi ujao.

Nasema haya kwa sababu naona tabia ile inahamia kwetu. Makundi ya WhatsApp ya jamaa zetu, Muscat, Leicester, Minneapolis, yamejaa picha za namna hii, za vijusi, za ajali, za vita, zimetumwa mara elfu bila jina wala tarehe, na chini yake maneno ya dini. Na wanaozituma si wajinga. Wengine ni sisi tulioko humu, wenye shahada za udaktari ukutani. Kwenye makala za taaluma hatukubali nukuu isiyo na chanzo. Kwenye simu tunakubali maiti isiyo na chanzo.

Kwa hivyo nawaombeni kitu kimoja cha vitendo, awe mtu anapinga kutoa mimba au anatetea. Picha ikikufikia, iwe ya bango au ya simu, liulize swali la yule mama wa Kirundi: ndugu zake wanajua kuwa amewekwa hapa? Kama jibu halipo, usiipeleke mbele. Na aliye na hoja ya kutetea mabango haya dhidi ya niliyoyaandika, khasa kuhusu yule asiye na jamaa wa kumsemea, nakaribisha majibu yake kwa moyo mkunjufu. Ila asiambatanishe picha.

Wasalaam,
nduguyenu katika elimu.